Nyale Pandisha Ashusha Gari

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila aliyempelekea fundi Nyale gari pale Tezo alikuwa na ombi moja tu: nipandishie. Msomba mawe alitaka kupandishiwa, mwenye nazi vilevile, na mwenye makuti, mzigo usiomtisha hata punda mzee, naye alitaka kwa sababu jirani yake amepandishiwa. Nyale aliwaongezea majani ya springi nyuma, vile vyuma bapa vinavyobeba mzigo, mawili, matatu, hata manne, mpaka gari likatembea limeinua makalio na kuinamisha pua. Watu wakamwita Nyale Pandisha, na jina la babake likabaki kwenye kitambulisho.

Sasa Jumatatu moja ikaja pikapu ya kijani, Fodi ya mwaka 1967. Aliyeiendesha ni Aly, mwenye duka la vitambaa Malindi, na pembeni yake alikaa mamake, Bi Zeina. Nyale aliijua pikapu ile kabla haijasimama. Yeye ndiye aliyeipandisha, zamani, mume wa Bi Zeina alipokuwa hai na akiitumia kusombea mawe ya kujengea.

"Shikamoo, Bi Zeina."

"Marahaba, Nyale. Hamjambo nyumbani? Hebu njoo karibu, nisipige kelele barabarani. Gari hili ulilipandisha wewe. Sasa nataka unishushie."

Nyale alitazama kule nyuma, akamtazama Aly, akarudi kwa Bi Zeina. Hakuna aliyecheka. Katika maisha yake hakuwahi kuombwa kitu kama kile, na wala hakuwa na hakika kwamba kinafanyika.

Bi Zeina alikuwa kiongozi wa vugo. Harusi ikitokea katika ukoo wao, yeye na wenzake hupanda nyuma ya pikapu ile, wanawake kumi, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti cha kuipigia, wakazunguka mitaa wakimwimbia bibi harusi. Alikuwa amelifanya hilo kwa miaka arubaini. Lakini magoti yalikuwa yamechoka, na mwaka uliopita vijana watatu walimbeba juujuu kumpakia garini kama gunia la unga, buibui likanasa kwenye komeo, watu wakachukua simu zao wakapiga picha. Bi Zeina aliapa siku hiyohiyo: atapanda kwa miguu yake, ama hapandi tena. Na Jumamosi ilikuwa harusi ya Ruwaida, mjukuu aliyemlea mwenyewe.

"Nimemwambia tukodi basi dogo," Aly alisema. "Lina ngazi, lina zulia."

"Vugo ndani ya basi, unampigia nani? Viti?" Bi Zeina alijibu bila kugeuka. Akatoa kijiti cha mkwaju kutoka chini ya kiti. Alikuwa amesimama juu ya kigoda nyumbani kwake, akainua mguu mpaka goti likakataa, akatia alama ya mkaa kwenye mwimo wa mlango. Kijiti kilikatwa sawa na alama ile, kuanzia sakafuni. "Sakafu ya gari isipite hapa."

Nyale alisimamisha kijiti nyuma ya pikapu. Sakafu ilikipita kwa shubiri moja kasoro vidole viwili.

"Mtakuwa wangapi, mama?"

"Kumi."

Hapo ndipo Nyale alipotaka kuuliza swali ambalo angemuuliza mwenye mawe bila kufikiri: kumi wa kilo ngapi? Lakini alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hamuulizi mama wa watu uzito wa wenzake.

"Wana... wana miili?" alijikakamua.

"Wanawake wetu wepesi," Bi Zeina alisema, na mlango wa mazungumzo hayo ukafungwa.

Basi Nyale akafanya kazi ya wanawake wepesi. Alitia jeki, akafungua springi, akaondoa majani manne kila upande, yale yale aliyoyaongeza kwa mkono wake. Pikapu ikashuka. Kijiti kikasimama sawasawa na sakafu. Alijisikia vizuri sana, na Jumatano akaipeleka Malindi mwenyewe, huku akipiga honi kwa watu asiowajua.

Wanawake walikuwa wakingoja uani. Bi Zeina akaweka kigoda, akapanda, mguu mmoja halafu wa pili, akageuka kuwatazama wenzake kwa macho ya ushindi. Wakapiga vigelegele. Kisha wakaanza kupanda na wao, na Nyale, aliyesimama ubavuni, akaona kwa macho yake kwamba Bi Zeina alikuwa amewapenda mno wenzake aliposema vile. Alipopanda wa sita, springi zilinyooka. Alipopanda wa kumi, zilipinda upande wa pili. Aly akaondoa gari. Hawakufika kwenye kona ya msikiti: tairi zikasaga madigadi, harufu ya mpira ulioungua ikajaa mtaani, na watoto wakakimbia nyuma yao wakishangilia kwa sababu zao wenyewe.

Wanawake waliteremka wakicheka. Bi Zeina hakucheka. Alishuka polepole, akaokota kigoda chake, akamwambia mwanawe, "Kodi hilo basi lako. Mimi nitakaa nyumbani nipokee wageni."

Nyale aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Lakini Bi Zeina alimwambia ahsante, tena kwa upole, na akamletea juisi ya ukwaju.

"Nipe mpaka Jumamosi, mama," alisema.

"Utafanya nini, Nyale? Ukirudisha springi itapanda. Ukizitoa inasaga. Na wenzangu siwezi kuwapunguza."

Nyale alirudi Tezo na gari tupu.

Alhamisi asubuhi alilala chali chini ya pikapu, bila spana mkononi, akatazama tu. Mkewe, Kanze, alimletea uji, akauona ukipoa, akauliza kama amepata maradhi. Nyale alikuwa akitazama ekseli, ule mhimili wa chuma unaounganisha magurudumu ya nyuma. Springi zilikaa juu ya ekseli, zimefungwa kwa boliti zilizopindwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiweka majani juu ya majani, yote juu ya ekseli ile, na hakuwahi kujiuliza ni nani aliyesema lazima yakae juu.

"Kanze!" alipiga kelele. "Zitakaa chini!"

"Nini zitakaa chini?"

"Springi! Ekseli nitaipandisha, springi nitaziweka chini yake. Gari litashuka, na majani yote yatabaki!"

Kanze alisema ale uji kwanza. Hakuula. Alimwita Gerishom, mchomeleaji wa jirani, na wawili hao wakafanya kazi mpaka jua likazama, wakaanza tena Ijumaa alfajiri. Walikata vikalio vya springi juu ya ekseli wakavichomelea chini, Nyale akipima mara tano ili propela, ule mhimili unaotoka kwenye injini kuzungusha magurudumu, isikae upande. Kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, mahali ekseli ingegonga gari likilemewa, walikata nafasi ya umbo la mwezi mchanga, wakaizungushia bamba nene la chuma ili isije ikavunjika. Juu yake wakafunga vipande vya tairi kuukuu, kuzuia chuma kisigonge chuma. Halafu yakarudi majani yote manne, kila upande.

Safari hii Nyale hakumwamini mtu. Alihesabu gunia moja la nazi kwa kila mama, akaongeza mawili ya heshima ambayo hakumwambia yeyote, akaendesha mpaka Kilifi mjini na kurudi, akapita juu ya kila tuta. Tairi hazikugusa kitu. Aliposhusha magunia, alikisimamisha kijiti. Sakafu ilikuwa chini ya alama kwa unene wa kidole.

Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, pikapu ilisimama mlangoni kwa Bi Zeina imefungwa kanga na asumini. Basi la kukodi lilisimama nyuma yake limejaa wageni, kwa kuwa Aly alikuwa ameshalilipia. Bi Zeina alitoka na pembe kwapani. Mwanawe akamnyooshea mkono. Aliutazama mkono ule mpaka ukarudi ulikotoka, akaweka kigoda, akapanda. Mguu mmoja. Wa pili. Akasimama wima, akapanga buibui lake.

Wenzake wakapanda wote tisa. Gari likashuka kidogo, likatulia.

"Aendeshe Nyale," Bi Zeina alisema. "Yeye ndiye alijuaye."

Nyale, ndani ya shati lake la kanisani, aliingia nyuma ya usukani. Nyuma yake pembe zililia, vigelegele vikapaa, watu wakatoka milangoni, na Ruwaida akapunga mkono kutoka dirisha la nyumba huku akilia na kucheka. Nyale hakuona mengi. Masikio yake yote yalikuwa kwenye tairi. Walipita kona ya msikiti: kimya. Wakapita mashimo ya sokoni: kimya. Jasho likamtiririka, akaendelea kusikiliza.

Katika vugo, kiongozi huwataja watu wa kusifiwa: wazazi, mashangazi, masharifu wa ukoo. Bi Zeina aliwataja mmoja mmoja. Kisha sauti yake ikapanda juu ya pembe zote:

"Pigani pembe wenzangu, tumtaje fundi wetu,
Nyale wa Tezo si wangu, leo kawa ndugu yetu!"

Wanawake tisa wakaupokea, na basi zima la nyuma likaupokea, na mtaa ukaupokea. Nyale aliendesha huku machozi yakimwingia kwenye ndevu. Pikapu ikapita juu ya tuta kubwa la mwisho, na hakuwa akisikiliza tairi tena.