Jani Moja Kwenye Changarawe

Binamu yangu Truphena ni yaya kwa madam mmoja wa Aziziya, Jeddah. Akiona uchafu, mikono humwasha. Hata akinipigia simu ya video nikiwa lindoni huku Olaya, Riyadh, hunikaripia kwanza kwa kola ya shati, ndipo anisalimie.

Vuli hii madam alimchukua hadi Japani akamwangalizie watoto. Kabla ya safari alimwonya: "Ukiniaibisha huko, likizo ya Desemba mafi, hakuna." Na likizo hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya Truphena. Hajamwona mama yake kule nyumbani Nyamira kwa miaka minne.

Huko Kyoto waliingia katika hekalu la kale la Wabudha wa Zen. Viatu vilibaki nje. Watu walikuwa wameketi barazani kimya, wakitazama uwanja wa changarawe nyeupe, umechorwa mistari kama shamba lililotoka kulimwa. Mawe machache, na katikati jani moja jekundu.

Truphena alijikaza dakika tano nzima, jamani! Kisha akashuka na soksi zake, akaenda akaliokota.

Wageni wakaguna. Nyayo zake, na si ndogo, zilikuwa zimekata mistari yote. Madam akajifunika uso kwa shela. Truphena akajua Desemba imekwenda na maji.

Akatoka mtawa, mzee kabisa, na reki ya mbao. Sasa, kwetu huwezi kumtazama mzee akifanya kazi huku wewe umesimama. Truphena, machozi yakimlengalenga, akampokea reki, akaanza kuvuta kinyumenyume, vile wasichana wa kwetu hufundishwa kufagia uwanja: unarudi nyuma, nyayo zako unazifuta mwenyewe. Mistari ikarudi, imenyooka. Mzee akamwinamia, akauliza kwa simu yake inayotafsiri, nani alimfundisha.

"Mama yangu," akasema.

Madam akashusha shela. "Hujamwona tangu lini?"

"Miaka minne, madam."

"Miaka minne?" Madam akawatazama wanawe. "Halas, basi. Desemba ni mbali. Tukirudi Jeddah, unaenda."

Truphena alinisimulia haya akilia na kucheka kwa pamoja. Nilifurahi kwa moyo wote, na wivu nao ukanikaba, sisemi uongo. Mimi mwaka huu nabaki. Mama yangu anakaa nyumba ya pili kutoka kwao, basi nikamwomba Truphena apite kwake amsalimie, akae naye kidogo.