Sahani Ambazo Jirani Hakuzionja

Mwezi uliopita nilirudi Gisenyi baada ya miaka mingi kupita kiasi, na kwa kuwa magoti bado yananitii, nikaamua kutoka Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo, hadi mtaa wetu wa zamani kwa miguu. Sijafika mbali, mwanamke nisiyemjua akanisalimia, akaniuliza natoka wapi na kama nimekula. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaukumbatia mkoba wangu nikasema nimekula, na sikuwa nimekula. Mbele kidogo nikajionea aibu. Tabia hiyo nilirithi kwa mama, na nikikusimulia ilivyotaka kutuharibia maisha utacheka, halafu pengine utaacha kucheka.

Tulihamia mjini katika miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka minane hivi. Baba alikuwa fundi cherehani, na mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mtaa wa Waswahili alimpa nafasi barazani mwa duka lake la vitambaa, pamoja na nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake. Kilimani tulikotoka, kwenda kwa jirani ni kushuka bonde na kupanda tena. Hapa jirani alikuwa nyuma ya ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe; ukipiga chafya anakuombea afya. Shule, bomba, soko, baraza la baba, vyote vilikuwa vya kwenda kwa miguu, na hata ziwa lenyewe, ambako tulifua nguo na kuzianika juu ya mawe meusi ya volkano yaliyoshika joto la jua. Nilikuwa naenda na kurudi kabla mama hajamaliza kuchambua maharage. Njiani niliitwa na milango mitano: njoo ule andazi, njoo nikusuke, mama hajambo? Nilikuwa mtoto wa pekee, na ghafla nilikuwa na ndugu mtaa mzima. Nilipapenda sana, nakwambia bila kuficha.

Mama hakupapenda. Kwake, mtu anayekusalimia mara tatu kwa siku ana lake jambo. Watu wakicheka upande wa pili wa ua, alinyamaza asikilize kama ni yeye anayechekwa. Alifunga mlango mchana, na katika mtaa ule mlango uliofungwa mchana maana yake kuna mgonjwa ndani, kwa hiyo watu walizidi kuja kupiga hodi.

Usimhukumu haraka. Kilimani, anayekukaribisha pombe ya ndizi hunywa yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Anayekupa maziwa huonja. Ni adabu, na pia ni kiapo kwamba humo hamna sumu. Kabla sijazaliwa, mama alimpoteza mwanawe wa kwanza, siku mbili baada ya kunyweshwa maziwa na shangazi mmoja wa baba ambaye hakuonja. Labda ilikuwa homa. Baba alisema ilikuwa homa. Lakini mama alikuwa amekiona kile kikombe kikipita bila kugusa mdomo wa mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumwondolea hilo moyoni.

Basi ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mke wa mfanyabiashara, jirani yetu wa nyuma ya ua, akaanza kuleta sahani kila alasiri: vitumbua, ndizi zilizopikwa kwa mawese, samaki wa kukaanga, na sahani nyingine ikifunika juu. Ndiyo ilikuwa desturi ya mtaa. Mwezi ule nyumba za Waislamu zilipeleka chakula kila mlango, wa watu wa msikiti na wa watu wa kanisa. Siku ya kwanza mama alipokea kwa mikono miwili, akafunua, akamsogezea mwenyewe aonje kama inavyopasa. Jirani akatikisa kichwa, akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge, akaenda zake.

Mama alibaki mlangoni na sahani mkononi. Jioni baba alimweleza kwamba wale hawatii kitu mdomoni kutwa nzima, hata maji. Mama akasema hakuna mtu anayeweza hivyo, sembuse mwanamke anayeshinda jikoni. Siku chache baadaye alichungulia kwenye ua na kumwona jirani, saa sita mchana, amejibanza nyuma ya jiko anakunywa uji. Alasiri ileile sahani ikaja, na jirani akakataa kuonja. Kwa mama, kesi ilikuwa imekwisha.

Ila hakuwa na pa kuipeleka. Kama angemwita mke wa mwenye baraza mchawi, baba angeshonea wapi, na sisi tungelala wapi? Akachagua njia ya kimya. Kila siku alinipa sahani nikazike chakula kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, nioshe sahani, niirudishe na asante nyingi. Na kila usiku nilimsikia akimwambia baba kwamba afadhali turudi kilimani tukafe njaa tukijua tunakufa na nini.

Nami, rafiki yangu, nilizika kidogo. Vingi nilivila nimechuchumaa nyuma ya mgomba. Kila asubuhi nilipoamka mzima nilishangaa kidogo, na alasiri nikala tena.

Siku ya kukamatwa nilisalitiwa na iliki. Mama alikuwa ananichana nywele, akanusa vidole vyangu. Hakunipiga, ningependelea anipige. Alinikorogea umuravumba, majani machungu yanayotumika kwetu kwa kila ugonjwa wa tumbo, akaninywesha kikombe baada ya kikombe mpaka nikatapika. Kila nilipotapika aliamini zaidi, na mwisho nikaamini mimi pia. Akanilaza kwenye mkeka karibu na mlango, akafunga nguo zetu zote katika shuka, akakaa kunitazama nife. Alinililia nikiwa hai, na nilimsikia.

Jirani akapiga hodi na sahani yake.

"Mi nilikuona unakula muchana," mama akamwambia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kichache, lakini siku ile kilimtosha. "Hapa kwangu unakataa kuonja. Mutoto wangu amekula chakula yako, muangalie. Onja."

Jirani alinitazama, akautazama mzigo wa nguo. Nilingoja ang'ake, amwite mumewe, tufukuzwe kabla ya giza. Aliweka sahani chini, akaketi kizingitini.

"Leo niko nafunga, dada," alisema. "Jua iko karibu kuzama. Tutangoja."

Wakangoja, labda saa nzima, sahani ikiwa katikati yao. Watoto wake walikuja mara mbili kumwita, kwamba baba yao yuko mkekani anamsubiri kwa futari, akawarudisha. Wapita njia walisalimia, wakaona, wakapunguza mwendo. Mama hakuiondolea sahani macho, isije ikabadilishwa. Jua likashuka upande wa ziwa, na sauti ya mwadhini ikapita juu ya mabati. Jirani akasema bismillahi, akala kitumbua cha juu, akachomoa cha chini kabisa, akala, akamega samaki pande zote mbili. Kisha akamwinamia mama na kumnong'oneza jambo. Mama akajiziba mdomo, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Aliloambiwa nilikuja kulielewa nilipokuwa msichana mkubwa. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, naye hula kwa kujificha, kwa sababu ya haya. Mama alikuwa amechungulia haya ya mwenzake akadhani ameona uchawi.

Mzigo ukafunguliwa, hatukurudi kilimani. Tulikaa pale miaka kadhaa, na sijawahi kuishi mahali pazuri zaidi. Usidhani mama alibadilika. Alimshuku muuza chumvi, alimshuku katekista, alimshuku hata fundi baiskeli aliyetusalimia kwa adabu mno. Wala hakumwomba jirani radhi. Neno hilo halikumtoka kinywani maisha yake yote. Aliloweza ni kwamba tangu siku ile, kila alichompa jirani alikionja yeye kwanza, mbele yake, kwa utaratibu: maharage, maji ya kunywa, hata chumvi ya kuazimana aliilamba. Jirani alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Baadaye watu wa mtaa wote walijifunza kushukiana, kwa siasa za kabila na asili, mambo mazito kuliko vitumbua. Jirani na watu wake walivuka mpaka kwenda Goma asubuhi moja, bila kuaga. Mwezi uliopita nilisimama palipokuwa na ule ua. Kuna ukuta sasa, na geti la chuma, na niliowauliza hawakuwajua. Mama alishafariki. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza yule mwanamke kuwa kule kuonja ndiko kulikokuwa kuomba radhi, kila siku, miaka yote ile. Aliondoka akidhani mama alikuwa mtu wa mzaha.