Plamu za Mama

Hakuna aliyemuuliza baba. Hilo nalishikilia mpaka leo, kwa sababu nilikuwepo, nimekaa sakafuni karibu na mlango wa darasa, nimempakata mdogo wangu.

Bibi Maendeleo, afisa wa serikali wa mambo ya wanawake, alikuwa amepanda kutoka Lushoto mjini kuja kuzungumza na kijiji. Miaka ile ya Ujamaa mikutano ilikuwa haiishi. Wanaume walishazoea kusikia habari za mabepari na wanyonyaji, wakapiga makofi na kwenda zao. Siku hiyo yule mama aliuliza jambo jipya: humu majumbani mwetu, nani ananyonywa? Nani analima, anabeba kuni na maji, halafu hana hata mti mmoja wa kuuita wake?

Ndipo baba akasimama, kofia mkononi.

"Mimi sijawahi kumpiga mke wangu," akasema.

"Sijasema umempiga, baba."

"Nasema tu. Usije ukafikiri wanaume wa hapa ni wanyama."

Wenzake wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu, mwingine akataka kujua huyo bibi ameolewa wapi. Mama yangu alikuwa anatazama miguu yake tu. Sikuupenda ule utulivu. Mama akinyamaza namna ile, ana jambo lake.

Kwetu milimani shamba lilikuwa la mume, na mke alipewa kipande alime maharage na mahindi, vitu vya kuota na kuisha. Mti wa kudumu ulikuwa habari nyingine. Aliyepanda mti alikuwa amesema ardhi ni yake. Kahawa yetu yote aliipanda baba.

Mvua za vuli zilipoanza, baba alikwenda Mponde kumsaidia ndugu yake kupanda chai. Aliporudi akakuta miche ya plamu imesimama katikati ya maharage ya mama, kila mmoja umezungushiwa vijiti ili mbuzi wasiule.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alianza kuchunguza. Mama akichelewa mtoni, mimi ndiye niliyehojiwa: alikuwa na nani, walizungumza nini? Akicheka na jirani, baba alisogeza kigoda chake karibu na dirisha. Siku ya gulio akajitwika mzigo wa kuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akapita nao polepole mbele ya duka walipokaa wenzake. Alipofika nyumbani aliutupa chini, akanitazama.

"Umeona? Haya, nenda kaseme."

Nikaseme kwa nani, sikujua. Nilichojua ni kwamba zile zilikuwa kuni za kuonekana tu. Kesho yake mimi na mama tulirudi msituni kama kawaida.

Kisha baba mdogo akaja, wakateta uani. Nilimsikia baba mdogo akisema, "Leo plamu, kesho atataka shamba lote." Asubuhi yake baba akachukua panga. Nilimfuata kwa mbali. Niliihofia ile miti, na nilimhofia mama zaidi, kwa maana alikuwa huko huko akipalilia.

Baba alisimama mbele ya mche wa kwanza. Kwa Kishambaa, lugha yao ya mambo mazito, akamuuliza mama, "Unataka kuniacha?"

Panga lilining'inia ubavuni, hakuliinua. Siku zote hizo nilidhani ni hasira, kumbe mtu mzima alikuwa anaogopa. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Mama alinyoosha mgongo, jembe mkononi.

"Baba watoto, wewe umepanda kahawa mlima mzima. Siku gani nilikuuliza kama unataka kunifukuza?"

Baba akasogea pembezoni mwa shamba, akakata majani ya ng'ombe, akajitwika, asije akaonekana alitoka na panga bure.

Miti ilibaki. Hata hivyo kila nilipopita niliikagua mmoja mmoja, maana sikumwamini. Ilipokuja kuzaa, mama alimwekea baba sahani ya plamu mezani, nyekundu, zimeoshwa vizuri. Baba akaisukuma kando kidogo.

"Hizi ni chachu," akasema.

Alikuwa hajaonja hata moja.