Harufu ya Petroli Ninayoisikia Peke Yangu

Admin, jina langu lifiche. Mtaa sema tu ni huku Chamazi, panatosha.

Nina miaka 28, mimba ya kwanza, miezi saba. Mimi ni mtu wa Lindi, mume wangu wa Tukuyu. Nayataja makwetu kwa sababu humo ndimo shida ilimo. Kwao mkamwana hazoeani na baba mkwe. Zamani walikuwa hawapishani hata njiani. Siku hizi wengi wamelegeza, ila baba mkwe wangu bado ni wa kale. Ana miezi mitano hapa nyumbani na alikuwa hajawahi kunisemesha. Nikiwa nimesimama hapo hapo na kikombe, anamgeukia mwanawe: "Mwambie mama chai imepoa." Nami najibu kupitia mume wangu. Mwanzoni nilikuwa nikiingia chumbani nacheka mpaka machozi yananitoka.

Mzee alikuwa fundi wa magari maisha yake yote, na humu ndani neno lake juu ya gari halipingwi. Kwa hiyo gari letu lilipoanza kumisi, likisimama kwenye foleni linatetemeka na mafuta linakunywa kama lori, hatukwenda gereji. Mzee alifungua boneti hapo uani. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya nozeli, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini, mpini akauweka sikioni. Akasikiliza zote nne. "Hii ya tatu kimya. Imekufa." Akachomoa waya wake injini ikiwa inawaka, na mngurumo haukubadilika hata kidogo. Mume wangu akanitazama kwa fahari utadhani kagundua yeye. Zikanunuliwa nozeli mpya nne, Jumamosi mzee akazifunga mwenyewe, gari likatulia kabisa. Nilimsifu sana, kupitia mume wangu.

Siku mbili baadaye nikaanza kusikia petroli ndani ya gari, hasa likishapata moto. Nikamwambia mume wangu.

"Mimba hiyo. Si juzi tu ulisema hata sabuni yangu inanuka?"

Kweli nilisema. Akampelekea baba yake malalamiko yangu, jibu likarudi: "Mwambie mama nozeli mpya zina harufu yake, itaisha." Nadhani mume wangu naye anaisikia kidogo, ila neno la baba yake limemziba pua. Mama mjamzito akisema kitu kinanuka, nani amsikilize?

Wiki iliyopita mume wangu akiwa kazini, mzee alikuwa uani anaosha spana zake. Petroli ya kuoshea ilikuwa kwenye chupa ya maji, kama wengi tufanyavyo, na maji yake ya kunywa yalikuwa kwenye chupa nyingine kando. Mimi naanika nguo. Nikamwona anainua ile ya petroli, anaipeleka mdomoni bila wasiwasi wowote, anapiga funda.

"Baba! Petroli hiyo!"

Akatema. Nikakimbia na maji asukutue. Nikabaki nikijiuliza, maana mtu mwenye pua nzima hawezi kuifikisha chupa ile mdomoni.

Ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mama, pua yangu haifanyi kazi. Mwaka wa tatu huu, tangu niugue."

Nikamuuliza kama mwanawe anajua.

"Yeye anajua nilistaafu. Sikustaafu. Gari la mteja liliungua, na nilikuwa nimelitengeneza mimi. Hakufa mtu." Akaifunga ile chupa ya petroli, akarudia, "Hakufa mtu, mama. Nakuomba usimwambie. Akijua nitaondoka hapa na hamtaniona tena."

Nikamwonea huruma, nikakubali. Nanyi mnicheke tu, ujinga wangu naujua.

Juzi, natafuta koleo kwenye sanduku la vifaa, nikakuta pakiti ya vile vipira vinavyozibia nozeli petroli isivuje. Ni vipya, na pakiti haijafunguliwa. Kumbe alirudishia vya zamani! Nikafungua boneti. Chini ya nozeli moja pana unyevu. Nikagusa, nikanusa kidole. Haikuwa mimba.

Mume wangu aliporudi nikamwambia pana unyevu, tumwite fundi wa pale barabarani aangalie tu. Akawaka. "Nimlete fundi wa mtaani akague kazi ya baba yangu? Mbele yake?" Nikataka kumwaga yote, nikajizuia. Ataniuliza ilikuwaje nikawa nazungumza na baba yake peke yetu, na kwao hilo ni aibu kubwa. Mzee akikana, mimi ndiye nitakuwa mwongo ninayemchafua mkwe.

Kesho tunakwenda Tukuyu nikajifungulie kwa mama mkwe. Tutakuwa watatu, safari ya siku nzima, na gari litakuwa la moto muda wote. Nilisema twende kwa basi, mume wangu akasema basi litanichosha.

Leo mchana wakiwa wanapakia mizigo, mzee alimwita mume wangu pembeni. Akarudi anacheka. "Una bahati, baba anakupenda kweli. Anasema wewe ukae nyuma, mlango wa kushoto, ule wa kulia hugoma kufunguka. Na mizigo isikae karibu na mlango wako."

Mume wangu ameona upendo; mimi nimeona mlango wa kukimbilia moto. Nilimtazama mzee aliyekuwa nyuma yake, naye akainamisha kichwa.

Jamani, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimvue nguo mzee mbele ya mwanawe, au nipande nikae karibu na huo mlango? Nisaidieni, nasoma kila mtakachoandika.