Saini ya Bi Zuwena wa Ansab

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya mpango wa kubadilishana wahadhiri kati ya chuo chetu na chuo kimoja cha Amerika. Nilipewa mwaka mmoja, ofisi yenye dirisha, na ruhusa ya kuandika nilichokitaka: maisha ya walimu wa kike waliotoka Unguja wakaenda kufundisha Oman. Mume wangu alicheka. Aliuliza kwa nini nivuke Atlantiki kwenda kuandika habari za watu walio ng'ambo yetu tu hapa. Kule ndiko kulikokuwa na nafasi, nami nilikuwa nimechoka kusahihisha mitihani.

Miezi ya kwanza Amerika ilikuwa ya theluji na fomu, na theluji niliizoea upesi zaidi. Profesa aliyenipokea, mama mpole wa maneno machache, alinieleza kwamba kila nitakayemhoji lazima atie saini karatasi ya ridhaa. Bila saini, maneno yake hayaingii kwenye kazi. Ni sheria nzuri, inamlinda mtu asichukuliwe habari zake hivi hivi. Niliishika kwa nguvu zote, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Theluji ilipoyeyuka nilisafiri kwenda Oman kuhoji. Asubuhi niliyofika Maskati nilipokewa na Salma, binti wa mwalimu niliyemfuata. Njia nzima alizungumza Kiarabu kwenye simu na Kiswahili na mimi, bila kupumua katikati. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa amepita miaka themanini. Wenzake niliokuwa nao kwenye orodha walikwishafariki, au kumbukumbu zimewatoka. Alibaki yeye. Bila yeye sura kubwa ya kazi yangu haipo, na mwaka wangu wote ungekwenda bure.

Saa nne tulikuwa Ansab, mtaa wa Maskati, nyumbani kwao. Bi Zuwena alikaa sebuleni na kanga yake, mbele yake sinia la halua, tende na birika la kahawa. Kikombe hakijanifikia mkononi nikatoa kinasa sauti na ile karatasi, nikaviweka kando ya sinia. Alivitazama, kisha akanitazama mimi. Akamwambia Salma anitilie kahawa. Akaniuliza hali ya mama yangu, akaniuliza mvua za Morogoro, kana kwamba karatasi haipo. Mjinga mimi, nikamsogezea na kalamu.

“Mwanangu,” alisema, “mie nshatia saini karatasi moja niliyoletewa mbio mbio kama hivi. Nilikuwa msichana. Nyumba ya baba yangu ikenda na karatasi ile. Hii yako irudishe mkobani.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tukirudi garini, Salma hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba kwao hata anayekuja kuposa hunywa kahawa kwanza, akaulizwa khabari zake zote, ndipo ataje kilichomleta. Mimi nilikuwa nimeingia kama karani aliyetumwa.

Siku ya tatu nilirudi bila kinasa sauti. Nilimkuta Bi Zuwena jikoni anapika mkate wa kumimina, nikapewa bakuli nipige mayai. Alinichekea mkono wangu mzito, akakicheka na Kiswahili changu cha bara. Kisha akaanza mwenyewe: shule, meli, darasa la kwanza alilofundisha Maskati na wasichana waliokuja wamekumbatia vitabu kifuani. Nikamwomba niandike kwa mkono, kwenye daftari.

“Andika,” alisema. “Lakini asisome mtu mpaka unisomee mie kwanza.”

Nikakubali. Kabla ya adhuhuri alinisimulia pia jambo la mtu mmoja wa kwao Unguja. Niliweka bakuli chini nikalia.

Nikarudi Amerika, nikaandika miezi minne, kwa Kiswahili kwanza. Aya ya yule mtu ilikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kuandika, nasema bila haya. Profesa aliiomba sura ile mara mbili. Nilimjibu kwamba mwenyewe hajaisikia. Alivua miwani, akanikumbusha kwa upole kwamba mpango ukiisha bila saini, sura itaondolewa kwenye kazi. Alinihurumia, nami nilimhurumia.

Safari ya kurudi nyumbani niliipitisha Maskati, siku mbili. Niliisoma sura yote pale pale sebuleni, na Bi Zuwena alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alizitaka karatasi, akamwagiza Salma kalamu nyekundu kutoka kwenye mtoto wa meza. Akanisahihisha kama mwanafunzi wa kidato cha pili. Makosa manane ya Kiswahili, na moja la mwaka. Alipofika kwenye ile aya, mkono ukasimama.

“Hili nilikwambia wewe, jikoni. Watoto wake wapo Unguja na hawalijui. Wasije wakalijua kwa kitabu.”

Hakuikata. Alinipa mimi kalamu.

Nilijua bila aya ile sura itachechemea. Nilijua pia kwamba nikimwahidi kuikata baadaye angeniamini tu, na kule ng'ambo asingekuwapo wa kunifuatilia. Niliikata mstari kwa mstari, na roho iliniuma. Bi Zuwena alingoja nimalize. Salma akaleta kahawa, tukanywa, na Bi Zuwena akaniuliza upya khabari za mama yangu. Baada ya kikombe cha pili akasema, “Iko wapi ile karatasi yako?”

Alitia saini kwa majina yake yote matatu, kwa mwandiko wa ubaoni.

Sasa niko Morogoro na mitihani yangu. Profesa aliipokea sura, akaandika pembeni kwamba katikati panaonekana pana kitu kimekosekana. Ana jicho kali yule mama. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukupa habari yake bila kukupa ruhusa ya kuipeleka popote, na kwamba hilo halimo kwenye fomu. Daftari la jikoni nilimwachia Bi Zuwena. Mkija kuniuliza aya ile ilisema nini, nitawakaribisha kahawa, na mkishamaliza kunywa bado sitawaambia.