Ndege Waliolala Bondeni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, asubuhi isiyo na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Nikikusimulia, usicheke haraka. Mimi nilicheka, na kicheko hicho mpaka leo sijamaliza kukijutia.

Kwetu ni Iringa. Nilisomea kemia, nikapelekwa kufundisha upande wa Mbeya, milimani kwa Wanyakyusa. Nilikuwa nakaribia arobaini, umri ambao mwanamume bado anajiita kijana akitaka. Simu za kupangusa zilikuwa zimeenea, kijiji kikafungua kundi la mtandaoni la kuzungumzia mambo yake. Siku moja mtu akatuma dawa ya malaria ya mafuta ya taa na vitunguu. Nikamuuliza ni nani amepona, na alipimwa wapi. Akaufuta ujumbe wake, dawa ikaachwa. Hapo nilifanya vyema. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi niliyekulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, ningepaswa kulijua hilo. Watu walipoanza kuniita Profesa, niliacha kuuliza, nikawa nakanusha tu. Kila jambo nililijibu kabla mwenyewe hajamaliza kulisema.

Ndipo Bibi Atupele, mjane mwenye ng'ombe wawili aliyeishi juu ya bonde, akatuma ujumbe wa sauti, akitusalimu kwa Kinyakyusa: "Ndaga, wanangu. Kule bondeni majani ni mabichi, lakini asubuhi kukiwa hakuna upepo msishuke. Ndege wanalala kule hawaamki. Pale pana wenyewe wasioonekana."

Nikaweka emoji za kucheka. "Bibi, leta ushahidi."

Akaleta. Ilikuwa picha ya ndege wanne na sungura juu ya majani, hawana jeraha, hawana hata nzi. Nzi hao waliokosekana wangenishtua kama ningetazama. Sikutazama. Niliandika kwamba hiyo ni sumu ya wawindaji, na ushirikina aupeleke kwa mganga. Kundi zima likacheka.

Lugano, jirani yangu, alikuwa na mke mjamzito na ng'ombe mmoja aliyekonda kwa kukosa majani. Akaniuliza mle mle kundini: "Kwa hiyo hakuna shida, mwalimu? Nikakate kesho?"

"Nenda," nikamjibu. "Ukiwakuta hao wenyewe, wasalimie."

Kesho yake saa tatu asubuhi mkewe akaja kwangu. Lugano alikuwa hajarudi. Tukashuka wanaume watano. Jua lilikuwa linawaka, lakini tulipozidi kuteremka hapakuwa na ndege aliyelia wala panzi aliyeruka. Bibi Atupele alikuwa ameshafika, amesimama ukingoni na kijinga cha moto. Akanishika mkono. "Gwe mwalimu, subiri."

Akakiteremsha kile kijinga taratibu. Usawa wa kiuno, kinawaka. Usawa wa magoti, mwali ukazimika, na moshi haukupanda. Ulilala pale pale, ukatambaa juu ya majani kama maziwa yaliyomwagika. Hakuna aliyekipuliza.

Hatua ishirini mbele yetu alilala Lugano, mundu mkononi, mbwa wake ubavuni, wote kama waliopitiwa na usingizi. Mfukoni mwake simu ilikuwa inalia, mlio mfupi, kisha mwingine. Watu wa kundi walikuwa bado wanajibu utani wangu. Nilitaka kumkimbilia, wenzangu wakanibana. Tulisimama tukimtazama mpaka upepo ulipoanza, karibu saa tano. Tulipomfikia alikuwa wa baridi.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikijua kilichomuua. Ni hewa ukaa, nzito kuliko hewa yetu, hutoka ardhini katika milima ya volkano, ikajaa mabondeni na kuua hata nzi. Kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi mshumaa ukizimika ndani ya beseni la hewa hiyo. Bibi alilifanya jaribio lile lile kwa kijinga, kama alivyofundishwa na mama yake, nami nikamwita mshirikina.

Msibani nilimpigia magoti. Hakupaza sauti.

"Uliniomba ushahidi, nikakupa," alisema. "Kumbe hukuwa unauliza. Ulikuwa unanifukuza." Akaniinua kwa mkono. "Mimi nasema wenyewe, ndilo jina nililopewa. Wewe labda unalo jingine. Ungekuja tu, tukatazama wote."

Tangu siku hiyo simu yangu haina mlio. Lugano aliacha mtoto tumboni, naye sasa anasoma. Ananiita baba mkubwa. Bado hajaniuliza baba yake alikufaje, na kila nikimwona najiandaa kumjibu.

Mwanangu, mtandaoni ukatae uongo, wala usione haya. Anayekuletea jambo zito, mwulize ameona nini, wapi, lini. Lakini ukishauliza, litazame jibu. Mtu anaweza kukosea kueleza kitu alichokiona sawasawa, basi usiyatupe macho yake pamoja na maelezo yake. Na ukijikuta umeshajua jibu kabla swali halijaisha, na watu wanakuchekea, iweke simu chini kwanza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi ni zima, mwanangu. Aliyevunjika ni mwingine.

Mungu akupe masikio mapana na kinywa kizito, na wanaokuamini wasidhurike kwa neno lako. Nenda salama.