Manyanga Mekundu ya Mkata

Niliporudi kazini baada ya mazishi, mkuu wa maabara aliniuliza kama ningependa kuhamia upande wa kupima maji kwa muda. Nilimwambia hakuna haja. Kazi yangu ilikuwa kupima vichezeo vya watoto, na mtoto wetu wa pekee alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu akiwa na miezi saba. Lakini maji au vichezeo, kwangu yalikuwa mamoja. Siku moja nilikunywa chai kikombe kizima ndipo mume wangu akaniambia kwamba hakutia sukari.

Wiki ileile nilitumwa kukusanya sampuli Segera na Mkata. Tunanunua kama wateja wengine, bila kujitambulisha, la sivyo mtu atakuuzia kizuri na kibovu akakificha. Segera nilichukua bata wa plastiki wa kuogea. Mkata, karibu na mabasi yanaposimama, mama mmoja alikuwa ametandaza turubai mbele ya kibanda chake: kandambili, vioo, vitana, na manyanga mekundu ya kumchezeshea mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto ana umri gani?"

"Miezi saba."

"Basi mchukulie haya. Mjukuu wangu hayaachi, hata akilala yako mdomoni."

Maabara nilikwangua rangi ya manyanga na kuiloweka kwenye asidi hafifu, mfano wa ile ya tumboni, ili tujue mtoto akiimeza mwili wake utapokea nini. Yule bata nilimpasua kwa wembe. Ndani alikuwa na utelezi mweusi. Nikausuuza, maji yake nikayaweka kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu, nikavifungia kwenye kabati la joto. Nilipovitoa vilikuwa vimejaa ukungu na madoa. Rangi nayo ilikuwa na risasi kupita kiasi kinachoruhusiwa, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto polepole. Mwenzangu wa maabara aliposoma majibu akasema turudie kipimo. Tukarudia, yakaja yaleyale. Nikaenda kula.

Tulirudi Mkata sote wawili, safari hii na vitambulisho shingoni. Yule mama alinitambua kabla sijamwamkia.

"Umerudi, mwanangu. Mtoto ameyapenda?"

Nikamweleza mimi ni nani, kwa nini niliyanunua, na tulichokikuta kwenye rangi. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hiyo ulinidanganya. Mtoto huna."

"Nilikuwa naye, mama. Amefariki."

Akayatazama manyanga kwenye turubai, kisha akanitazama mimi.

"Kwa haya?"

Mwenzangu akanigusa mkono.

"Hapana mama," nikasema. "Homa ya mapafu. Haya hakuwahi kuyaona."

Sidhani kama alisikia, maana alishaingia ndani. Akatoka amembeba mjukuu wake kiunoni, na mkono mwingine ameshika manyanga ambayo rangi yake ilikuwa imeliwa yote upande wa kushikia. Mtoto aliyalilia. Bibi yake akayatumbukiza kwenye mfuko wetu, kisha akainama na kuyazoa mengine yote yaliyobaki. Alipomaliza akaketi pale chini, akanivuta niketi naye, akaanza kulia. "Pole, mwanangu, pole," alisema, mkono wangu ukiwa mikononi mwake. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Hilo nililihisi. Mwenzangu alimwambia ampeleke mtoto hospitali, kwa kuwa madhara ya risasi huyaoni kwa kumwangalia tu.

Alimpeleka. Damu ilitumwa mbali kupimwa, na majibu yakaonyesha risasi imo, ila bado kidogo. Mama mzazi wa mtoto akaambiwa ampe chakula cha kutosha na amrudishe kliniki. Bidhaa zilizokusanywa kwenye maduka kuanzia Mkata mpaka Korogwe mjini ziliteketezwa.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Mkata kwa kazi nyingine. Mtoto alikuwa anatembea kwa kushikilia ukuta wa kibanda. Bibi yake alinikaribisha kigoda.

"Na wewe je," akauliza, "usingizi unaupata?"

"Naupata, mama."

Ilikuwa kweli. Nililala kama gogo, na kila nilipoamka nilikuwa nimechoka vilevile. Hilo la kuchoka sikumwambia.